Majina ya Majira na Mashaka ya Mfasiri

Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na mimi niliyezaliwa na kukulia Kabanga, wilayani Ngara, mpakani na Burundi, sina budi kuanza kwa kuomba radhi kwa wenye bahari yao. Nimekusudia kusema juu ya kaskazi na kusi, demani na tanga mbili, mbele ya wasomaji ambao wengi wao walizijua pepo hizo kabla hawajajua kusoma. Huku kwetu mlimani upepo haumleti mtu wala haumrudishi kwao. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu imekuwa ni kuhamisha maneno kutoka lugha moja kwenda nyingine, na katika muda huo sijakutana na maneno yaliyonishinda kama majina ya majira. Nimeshindwa kuyatia katika Kiingereza, na nimeshindwa kuyatoa katika Kiingereza kuyaleta kwetu. Makala haya ni hesabu ya kushindwa huko, pamoja na lawama kidogo kwa kamusi zetu na kwa sisi wenyewe tunaofasiri.

Nianze na kosa langu. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Kabla yao walikuwa wamekwisha kuja Warundi, waliokimbia machafuko yaliyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei, sina cheti chochote, ila nilikuwa na Kihangaza cha mama, ambacho ni ndugu wa Kirundi na Kinyarwanda, na nilikuwa na Kiingereza nilichojifundisha kwa vitabu vya kuazima. Nikaajiriwa kuwa mkalimani kwenye meza ya kuandikisha wakimbizi.

Siku moja alikuja mama mwenye mtoto mchanga. Nilimwuliza mtoto alizaliwa lini, akajibu: Nyakanga. Kwa kuwa wiki zote zile nilikuwa nikiwaandikisha Wanyarwanda, nilitamka bila kusita, na karani akaandika kwa Kiingereza, mwezi wa Julai. Kwa Kinyarwanda sikukosea: Nyakanga ni Julai. Lakini mama yule alikuwa Mrundi, na kwa Kirundi Nyakanga ni Septemba. Mumewe alikuwa ameandikishwa kwingine, naye aliyejua Kifaransa kidogo alikuwa ametaja Septemba. Fomu mbili zilipolinganishwa, zilionekana ni za familia mbili tofauti, zenye watoto wawili tofauti. Zilipita karibu wiki sita kabla hawajakutanishwa. Neno nililolifasiri lilikuwa moja, la silabi tatu, nami nilidhani nalijua.

Baadaye nilipanga majina ya miezi ya lugha hizo mbili bega kwa bega, nikaona mtego ulivyo. Nzero ya Warundi ni Januari, na Nzeri ya Wanyarwanda ni Septemba. Majira nayo yana mtego wake: impeshi kwa Warundi ni msimu wa kilimo unaoanza mwezi Februari na mazao yake huvunwa karibu na Juni, kwa Wanyarwanda impeshyi ni kiangazi chenyewe, Juni hadi Agosti, wakati mbingu zimefungwa. Ndugu wawili wa lugha, wanaoelewana bila mkalimani, hutamka neno moja, na mmoja akawa anazungumzia maharage yaliyo shambani, mwenzake vumbi. Tangu siku ile simwulizi mtu mwezi kabla sijamwuliza jambo jingine: mlikuwa mnafanya nini shambani? Anayejibu kwamba mtama ulikuwa unavunwa hataniponyoka, wala anayejibu kwamba ardhi ilikuwa inalimwa kungoja mvua ya kwanza. Jina la majira huweza kudanganya. Kazi ya majira haidanganyi.

Kwa kipimo hicho nimezisoma upya kamusi zetu. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uhariri wa Frederick Johnson, iliyojengwa juu ya kazi ya A. C. Madan, yastahili heshima katika jambo hili. Haikuyabana majina ya majira katika neno moja moja. Iliyaeleza, ikataja upepo na miezi. Tatizo lilikuja na vijitabu vya shule vilivyofuata, vyenye safu mbili, neno kwa neno, ambavyo mtoto hukariri bila kuuliza. Hapo ndipo kiangazi kilipogeuka kuwa summer, kipupwe kikawa winter, masika ikawa spring, na vuli ikawa autumn. Wazungu wana majira manne, nasi tukatafuta manne ya kuyalipa, kama mtu anayelipa deni la watu wengine.

Tuyatazame malipo hayo moja moja. Vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba, na autumn huangukia miezi hiyo hiyo. Kwa kalenda, basi, hakuna kosa. Lakini autumn ya mshairi wa Kiingereza ni majani yanayopukutika, siku zinazofupika, uzee unaobisha hodi. Vuli yetu ni ardhi inayofunguka. Huku Ngara ndipo jembe linapoinuliwa, maharage na mahindi yanapotiwa ardhini. Migomba iliyonyong'onyea tangu Julai huanza kutoa majani mapya. Mfasiri akilileta shairi la mzee anayeaga dunia katika autumn, akaandika kwamba umri wake umefikia vuli, msomaji wa Kabanga atamwona mzee huyo anachipua upya, na atashangaa kwa nini walio karibu naye wanalia.

Masika huangukia Machi hadi Mei, nayo spring ni vivyo hivyo. Lakini spring ni jua linalorudi baada ya baridi, na masika ni jua linalojificha. Ni mvua za mfululizo, barabara zilizokatika, kuni zilizolowa. Kipupwe ndicho kinachonichekesha zaidi. Ni ule ubaridi mwanana wa Juni hadi Agosti, hewa nyepesi, usingizi mzuri. Nyinyi wa visiwani mnaujua kuliko mimi. Kwa miezi yake na kwa hisia yake, hakuna wakati katika mwaka wetu unaofanana na summer ya Uingereza kuliko kipupwe. Nasi tumekichukua hicho hicho tukakitwika jina la winter, majira ya giza na njaa na vizee kufa kwa baridi, kwa sababu tu kamusi iliandika kwamba yote mawili ni baridi.

Kosa hili nimelifanya mwenyewe kwa kalamu yangu. Nilipokuwa na umri wa miaka thelathini nilijaribu kufasiri soneti ya kumi na nane ya Shakespeare, ile ambamo mshairi anawaza kama amlinganishe ampendaye na siku ya summer. Nikaandika kiangazi. Nilimsomea mke wangu. Akaniuliza kama mpendwa huyo alikuwa mgonjwa. Kwake kiangazi ni Julai: nyasi za hudhurungi, moto unaokimbia vilimani, ndoo kichwani kwa mwendo wa saa nzima. Isitoshe, neno lenyewe halikai mahali pamoja hata ndani ya nchi yetu: kwenu kiangazi ni jua la Januari na Februari kabla ya masika, kwetu ni ukavu wa katikati ya mwaka. Nimeifasiri soneti hiyo mara nne tangu hapo, na toleo ninalolivumilia ni lile lenye kipupwe. Mwalimu mmoja wa Kiingereza alinirudishia akiwa amelikata neno hilo kwa wino mwekundu na kuandika kando kwamba sijui majira. Sikumjibu, ila sikulibadili.

Watangazaji wa idhaa za nje wamejaribu njia nyingine. Wao husema majira ya machipuko na majira ya mapukutiko. Wapo wanaoyabeza maneno haya kwamba hayana asili, mimi nayatetea. Machipuko na mapukutiko hayadai kuwa ni yetu. Yanamwambia msikilizaji kwamba huko Ulaya kuna wakati miti huchipua na wakati majani hupukutika, na kwamba wakati huo si masika wala vuli. Ni maneno ya mgeni anayejitambulisha mlangoni.

Wafasiri wa Biblia walikuwa na mzigo mzito zaidi. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, mvua mbili za nchi ya Kanaani, ya mapema na ya mwisho, hupewa katika kitabu cha Yoeli majina ya masika na vuli. Siwezi kuwalaumu sana, kwa sababu huko Palestina pia mvua za mwanzo ni za mkulima anayepanda na za mwisho ni za mazao yanayokomaa. Kazi inalingana, ingawa kiasi cha maji hakilingani. Upepo ndio ulioleta shida. Pale nabii au mshairi anapotaja upepo wa kaskazini, Waebrania walisikia baridi. Anayejua kaskazi ya pwani husikia joto, tena husikia vyombo vinavyoingia bandarini. Neno limefika salama kwa upande wa dira na limepotea kwa upande wa ngozi.

Hapa ndipo niruhusiwe kuingia baharini, ingawa kwa mtumbwi wa kuazima. Mtu akifasiri kaskazi kwa Kiingereza kuwa ni monsuni ya kaskazini-mashariki, hakusema uongo. Lakini ameutoa upepo katika maisha ya watu akautia katika ramani. Kaskazi, inayovuma tangu Novemba au Desemba hadi Machi, ndiyo iliyowaleta wageni kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi, inayoanza Aprili, ndiyo iliyowarudisha. Kati yao pana tanga mbili, wakati upepo haujaamua, na chombo chaweza kushika njia yoyote. Kamusi za Kiingereza hulieleza jina hilo kuwa ni kipindi cha pepo zinazobadilika, na picha nzima ya matanga imekwisha kuzama. Demani nayo, wakati kusi inapolegea kuanzia Agosti, hubeba jina ambalo mabaharia hulitumia pia kwa kamba ya tanga. Msomaji wa Kiingereza anayepewa tarehe tu hatajua kwamba majina haya yalitungwa na watu walioshika kamba mkononi.

Na neno monsuni lenyewe ni la nani? Wareno waliokuja katika bahari hii walilisikia neno la Kiarabu, mawsim, wakalitamka kwa namna yao, nalo likafika Kiingereza likiwa monsoon. Sisi nasi tulilichukua neno lile lile tukapata msimu. Kwa hiyo mfasiri anayehangaika kuifasiri monsoon kwa maneno matatu anamfasiri ndugu yake wa tumbo moja. Leo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa vuli na masika kwa mikoa inayopata mvua mara mbili kwa mwaka, na utabiri wa msimu, Novemba hadi Aprili, kwa mikoa inayopata mara moja. Kagera imewekwa upande wa vuli na masika. Nami husikiliza redioni jina la pwani likitajwa juu ya shamba langu, ambapo mvua huanza Septemba au Oktoba, hupumzika kidogo karibu na Januari, kisha huendelea hadi Mei. Hapa fasiri imefanyika bila mfasiri, na jirani yangu anayesubiri vuli ili apande huwa amekwisha kuchelewa.

Jambo lililonifunza zaidi ni Nairuzi. Mwaka wa jua wa Waswahili, uliohesabiwa kwa miongo, yaani siku kumi kumi, ulitumiwa na mabaharia na wakulima kwa sababu mwaka wa mwezi hauna majira: Ramadhani huzunguka mvua na jua. Siku ya kwanza ya mwaka huo ni Nairuzi, nayo huko Makunduchi huadhimishwa kwa Mwaka Kogwa. Jina ni la Kiajemi, Nauruzi, siku mpya. Lakini mwaka wa siku 365 usioongezwa siku ya nne-nne hurudi nyuma siku moja kila baada ya miaka minne. Ndiyo maana katikati ya karne ya 19 siku ya mwaka iliangukia mwishoni mwa Agosti, na katika zama zetu huangukia Julai.

Kinyume cha hayo, Waajemi waliifunga Nauruzi yao na siku ambayo mchana na usiku hulingana mwezi Machi. Mmoja wa wanajimu walioitwa na Sultani Malik Shah kuirekebisha kalenda hiyo, iliyoanza kutumika mwaka 1079, ni Omar Khayyam, yule yule ambaye rubai zake Edward FitzGerald alizitia katika Kiingereza mwaka 1859, na Shaaban Robert akazitoa katika Kiingereza hicho kuzileta kwa Waswahili. Tafakari safari hiyo, msomaji. Mtu aliyeifunga siku mpya isihame ameandika juu ya siku hiyo. Mwingereza akaisoma kuwa spring ya kwao. Mshairi wa Tanga akaipokea kutoka kwa Mwingereza, na pwani yake ilikuwa na Nairuzi yake tayari, yenye jina la Kiajemi, isiyo ya Machi wala ya maua. Simlaumu Shaaban Robert, aliyekuwa na maandishi ya FitzGerald mbele yake. Ninachosema ni kwamba kurudisha neno kwa ndugu yake wa damu si dhamana ya kufika. Nairuzi na Nauruzi zinafanana kama Nyakanga na Nyakanga.

Katika kutafuta waliotutangulia katika tabu hii niliwafikia Wachina. Wao wameligawa duara la jua mafungu 24, kila fungu likiwa na siku kumi na tano hivi, na kila moja wamelipa jina. UNESCO iliuingiza utaratibu huo katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2016. Majina yake nikiyaleta kwa Kiswahili ni kama Kuamka kwa Wadudu, Mvua ya Nafaka, Umande Mweupe, Kushuka kwa Jalidi. Yalitungwa katika bonde la Mto Manjano, kaskazini, na watu wa kusini mwa China, ambao wengine hawaoni theluji, huyataja majira ya theluji ndogo na theluji kubwa bila kulalamika kama nilivyolalamika mimi juu ya vuli.

Wafasiri wa Kiingereza wa majina hayo wamenifunza mambo mawili. La kwanza ni adabu: aghalabu huliacha jina la Kichina likae kwanza, kisha wanaliwekea maelezo, wala hawalitafutii pacha katika mwaka wa Ulaya. La pili ni hatari ya kufasiri neno na kusahau safu yake. Liko fungu liitwalo Xiaoman, kujaa kudogo, wakati punje za nafaka zinaanza kujaa lakini bado hazijakomaa. Joto dogo hufuatwa na joto kubwa, theluji ndogo na theluji kubwa, baridi ndogo na baridi kubwa. Lakini kujaa kudogo hakufuatwi na kujaa kukubwa. Hufuatwa na nafaka yenye masuke na kazi yake ya shambani. Wapo Wachina wanaosoma humo onyo la kutojaza kibaba hadi kimwagike. Mfasiri anayelishughulikia jina hilo peke yake hawezi kuliona onyo hilo, kwa sababu limo katika jina ambalo halipo.

Hiyo ndiyo lawama yangu kwa kamusi zetu na kwa tafsiri nyingi za mashairi ya pwani ninazozisoma kwa Kiingereza: majina huokotwa moja moja. Kusi haina maana bila kaskazi, wala demani bila kusi iliyotangulia kuwa kali. Anayeyafasiri na ayafasiri kama ukoo. Ayaache majina yenyewe yasimame katika Kiingereza, kama wao walivyotuachia jazi na opera. Aseme, mahali pamoja katika kitabu, nani husafiri na nani hupanda katika kila moja. Na asimpe msomaji wa London neno la kwao litakalomfanya adhani amekwisha kufika. Na sisi tunaofasiri kuja Kiswahili tuache kulipa majira manne kwa manne. Penye theluji tuseme theluji. Penye raha ya jua la Uingereza tuthubutu kusema kipupwe, hata kama wino mwekundu unatungoja.

Nitapingwa kwamba lugha hukua, na kwamba kizazi kilichosoma vuli kuwa autumn kimekwisha kulizoea. Kwa taarifa ya habari sitagombana. Gazeti likisema uchaguzi wa Marekani hufanyika wakati wa vuli, msomaji anajua ni Novemba, yatosha. Lakini shairi halitaki tarehe, na mama mwenye mtoto mezani hakutaka tarehe pia. Alitaka mumewe. Mwisho wa habari yake ni kwamba karani mwingine, mama mtu mzima wa hapa Ngara asiyejua Kiingereza hata kidogo, ndiye aliyemwuliza ile siku alipojifungua palikuwa na nini shambani. Akajibu kwamba walikuwa wanalima wakingoja mvua ya kwanza. Karani yule alinigeukia akaniambia: mwanangu, hiyo si Julai. Fomu ikafutwa, ikaandikwa upya.